Mlipuko wa mwenye miba huanza kabla hatujauona

Hotuba kwa wavuvi, wachokoaji wa pweza na vijana wapiga mbizi, Kizimkazi Dimbani, Unguja

Bismillahir Rahmanir Rahim. Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Bwana Sheha, wazee wangu wa kamati ya uvuvi, mama zangu wa pweza na wa mwani, wanangu wa boti na wa kupiga mbizi, nawashukuru kwa kuniita. Najua kila aliyekaa hapa ameacha kazi yake pwani, kwa hivyo sitazunguka.

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa hapa hapa, anayepeleka wageni kuangalia pomboo, alinitumia picha kwa simu. Ilionesha tumbawe lile linalotanda kama meza, na juu yake amelala mnyama wa duara, mikono tele, miba mwili mzima kama nungunungu. Pembeni yake tumbawe limekuwa jeupe pe. Akaniuliza maswali mawili: "Bi, huyu ni kiti cha pweza gani? Na huo weupe ni wa joto au ni wake yeye?"

Swali la kwanza ni jepesi. La pili, ukilifuata mpaka mwisho wake, linakupeleka kwenye madema yetu, kwenye nyavu zetu, na kwenye mitaro ya maji machafu ya mjini. Nitajaribu kulifuata mpaka huko.

Viti vya pweza, hao nyota wa baharini, sote tunavijua. Maji yakipwa, mtoto akishuka pwani, cha kwanza kuokota ni kile chenye vinundu vyekundu na mikono mitano. Huyu wa kwenye picha ni wa ukoo huo huo, ila mikono yake inafika 20 na huweza kuzidi. Upana wake kwa kawaida ni sentimita 25 mpaka 35, na wapo wakubwa kuliko hapo. Miba yake hufika sentimita 4 au 5. Wanasayansi walimjua kwa jina moja tu, Acanthaster planci, mpaka mwaka 2008 uchunguzi wa vinasaba ulipoonesha kuwa wako wa namna nne: mmoja wa Bahari ya Shamu, mmoja wa Pasifiki, na wawili wa Bahari ya Hindi, wa kaskazini na wa kusini. Mimi leo nitamwita mwenye miba, tuelewane.

Kabla sijaenda mbali, mama zangu mnaotembea mwambani kwa kandambili, nisikilizeni hapa. Miba ya huyu ina sumu. Ukichomwa, maumivu huja pale pale, mguu huvimba, na wengine hutapika. Toa miba inayotoka, tia mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kustahamili bila kujiunguza, kisha nenda kituo cha afya, kwa sababu vipande vya miba hukatikia ndani. Usikae nyumbani ukingoja upoe wenyewe.

Sasa namna anavyokula. Hana meno ya kuguguna. Hupanda juu ya tumbawe, akatoa tumbo lake nje kupitia mdomoni, akalitandaza kama mtu anavyotandika shuka kitandani, kisha akamwaga majimaji yanayoiyeyusha nyama ya tumbawe pale pale ilipo. Akishaifyonza, hukusanya tumbo lake akaondoka. Anachoacha ni mfupa mtupu wa chokaa, mweupe, upana wake kama sahani ya wali. Mwenye miba mmoja mkubwa huweza kumaliza kiasi cha mita za mraba 10 za matumbawe kwa mwaka mmoja. Ni kama chumba cha kulala cha nyumba zetu.

Kwa hivyo, mwanangu uliyeniuliza, weupe wa joto na weupe wa mwenye miba unatofautishwa hivi. Joto likizidi, kama mwaka 1998 ambao wazee wote hapa wanaukumbuka, matumbawe ya kila namna hupauka kwa pamoja, eneo zima, na nyama yake bado ipo. Limepauka, halijafa, na maji yakipoa linaweza kurudi. Weupe wa mwenye miba una ukingo. Upande mmoja tumbawe liko hai na rangi yake, upande wa pili ni mfupa. Tena una njia: pale alipokula mwezi uliopita pameshaota ukungu wa kijani, pale alipokula juzi pana manjano kidogo, pale alipokula jana ni peupe kabisa. Fuata weupe. Ukifika mwisho wake, chungulia chini ya meza ya tumbawe, utamkuta amejibanza. Mchana wengi hujificha, hasa wadogo. Usiku ndio hutoka.

Huyu si mgeni wala hakuletwa na meli. Ni wa humu baharini tangu zamani, na kwenye mwamba wenye afya yupo mmoja mmoja tu, unaweza kuogelea asubuhi nzima usimwone. Akiwa mchache, nathubutu kusema ana kazi yake. Anapenda zaidi matumbawe yanayokua haraka, ya matawi na ya meza, na akiyapunguza kidogo yale mazito ya polepole, yale ya mviringo kama mabuyu makubwa, yanapata nafasi. Sitaki mtoke hapa mkidhani kila mwenye miba ni jini wa kuuawa. Tatizo ni idadi. Australia, ambako wamemchunguza kuliko mahali pengine popote, wanahesabu kuwa wakizidi kama 15 katika hekta moja, matumbawe hayawezi tena kukua kwa kasi yanavyoliwa. Hapo ndipo panapoitwa mlipuko. Na ukishawaka, idadi hupita mamia kwa hekta, hata maelfu.

Nimewahi kushuka kwenye mwamba ulio katika hali hiyo, upande wa magharibi wa kisiwa hiki. Nilianza kuwahesabu kwenye ubao wangu, nikaacha. Walikuwa wamepandana. Kwenye kila tumbawe la matawi wawili, watatu, wanne, na walipokosa nafasi walitembea mchana kweupe juu ya mchanga kwenda mwamba wa jirani, mikono inapinda taratibu kama nguo inayosukwasukwa na maji. Kilichonishika zaidi si wao, ni ukimya. Anayepiga mbizi anajua mwamba una kelele, ule mtatariko kama mafuta ya moto kikaangoni, wa kamba wadogo wanaobofya makucha. Pale ulikuwa umefifia. Nilipanda juu na sikusema neno mpaka tulipofika bandarini.

Nikarudi pale baadaye, mara kadhaa, na hapo ndipo nilipojifunza ninachotaka kuwaeleza hasa. Tumbawe likifa, msiba si wake peke yake. Tumbawe la matawi ni jengo lenye wapangaji. Ndani yake wanaishi kaa wadogo wa kupendeza, wa ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na kamba wadogo wenye kucha moja kubwa. Wapangaji hawa hawakai bure. Mwenye miba akija kupanda, kaa hutoka mlangoni, akamkamata miguu yake laini ya chini, akaibana na kuikata, akamsukuma mpaka akaondoka. Haya yameonekana na kuandikwa tangu miaka ya 1970. Ndiyo maana utaona tumbawe moja limesalia hai katikati ya makaburi: lina walinzi ambao hawakuchoka. Lakini walinzi huelemewa, na tumbawe likifa, wao hawana pa kwenda.

Wanaofuata ni vitatange. Wapo vitatange ambao chakula chao ni nyama ya tumbawe hai na si kitu kingine. Mwamba ukiliwa, hawa hupotea karibu mara moja, kwa njaa au kwa kuhama. Kwa kijana anayepeleka wageni kuogelea na miwani, hiyo ndiyo rangi ya mwamba inayoondoka.

Kisha huja kipindi kinachotudanganya sisi wavuvi. Mfupa wa tumbawe haudondoki siku ile ile. Unasimama, na ndani ya wiki chache unafunikwa na majani madogo ya baharini. Kwa pono, kangaja na tasi hiyo ni karamu. Wanaongezeka, dema linajaa, na mtu husema, "Mbona wataalamu wanalia? Samaki si hawa?" Wazee wangu, nawaomba mwaka ule msiuamini. Chini kwa chini wadudu na sponji wanautoboa ule mfupa. Unakuja msimu wa kusi, mawimbi yanapiga, meza zinakatika, matawi yanavunjika, na mwamba uliokuwa na vyumba na varanda unakuwa kifusi. Kifusi kinaviringika kila bamvua, tumbawe changa haliwezi kushika juu ya kitu kinachoviringika, na samaki mdogo hana pa kujificha chewa akija. Watafiti wa Japani, katika visiwa vya kusini vya nchi ile, walilifuatilia hili miaka ya 1980. Mifupa ilipokuwa imesimama, samaki wengi walibaki, isipokuwa wale walao matumbawe. Mifupa ilipoanguka, samaki wa kila aina wakapungua, kwa idadi na kwa namna.

Kwa hivyo njaa ya mvuvi haiji mwaka wa mlipuko. Inakuja miaka baadaye, wakati kila mtu ameshasahau kiti cha pweza, na lawama zinaangukia wavuvi wa kijiji cha pili.

Kama njaa yake huchelewa, na mlipuko wenyewe huanza mapema kuliko tunavyodhani. Hapa nitakaa kidogo.

Jike moja kubwa la mwenye miba huweza kumwaga mayai zaidi ya milioni 100 katika msimu mmoja. Mayai hayo hutungwa majini, yakawa viluwiluwi wasioonekana kwa jicho, wanaochukuliwa na mkondo kwa wiki mbili mpaka nne hivi. Wanaosalia hutua mwambani, kwenye ule utando mgumu wa waridi unaopaka mawe. Hapo anakula utando huo, si tumbawe, kwa miezi kama sita, mpaka anafika ukubwa wa kifungo cha shati. Ndipo anageukia matumbawe. Akitimiza miaka miwili hivi amekomaa na anaonekana. Maana yake, siku mtakayowaona wamejaa, mnaona waliozaliwa miaka miwili au mitatu nyuma. Tena mwaka 2020 watafiti wa chuo kikuu cha Sydney walionesha jambo ambalo mimi lilinikosesha usingizi: wale wadogo, matumbawe yakiwa machache, wanaweza kubaki na chakula chao cha utotoni kwa zaidi ya miaka 6, hawakui, wanangoja. Mwamba ukianza kupona, wanainuka.

Basi tujiulize, ni nini kinachoamua katika miaka hiyo ambayo hatuwaoni?

Cha kwanza ni chakula cha kiluwiluwi. Anakula mimea midogo mno inayoelea majini. Mama zangu, sisemi mwani wenu wa kwenye kamba, hii ni mimea isiyoonekana bila darubini. Ikiwa michache, viluwiluwi wengi hufa njaa, na hiyo ndiyo rehema ya bahari safi. Mbolea ya mashamba na maji ya vyoo vikiingia baharini, mimea hiyo hustawi. Huko Australia walipima wakakuta kwamba kila mimea hiyo inapoongezeka mara mbili, uwezekano wa kiluwiluwi kufikia kutua mwambani hupanda karibu mara nane. Mji wetu umekua sana, na maji machafu mengi ya Mjini yanaishia baharini bila kusafishwa. Visiwa vya Changuu, Bawe na Chapwani viko mbele ya mdomo wa mji. Siwezi kusimama hapa nikawaambia wavuvi peke yao wabebe mzigo huu. Anayejenga hoteli ana sehemu yake, anayepitisha mtaro ana sehemu yake.

Cha pili ni walaji wake. Hili ni letu. Yupo koa mkubwa wa baharini, mwenye gamba refu la kupindapinda linalopendeza, lile la kupulizwa kama baragumu. Chakula chake anachokipenda ni viti vya pweza, na mwenye miba hana la kumfanya. Akinusa harufu yake tu majini, hukimbia. Sasa nani hapa ana umri wa miaka 50 hajawahi kuona gamba hilo likiuzwa kwa wageni? Tumeliuza miaka na miaka. Australia walimlinda koa huyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na bado ni adimu.

Wapo na samaki. Kikande mkubwa humpindua mwenye miba akamtafuna kuanzia tumboni, kwenye miba michache. Bunju naye hula. Na changu, samaki wetu wa kila siku. Mwaka 2020 ulitoka uchunguzi wa kinyesi na matumbo ya samaki wa miamba ya Australia, wakakuta vinasaba vya mwenye miba ndani ya samaki wa aina 18, na nusu yao hakuna aliyekuwa akijua kuwa wanamla. Wengi si wa kumla mkubwa mwenye miba mirefu. Wanakula mayai, viluwiluwi, wadogo wa ukubwa wa kifungo. Ule ulinzi haupigi kelele, ndiyo maana hatuujui mpaka uondoke. Huko huko, walipolinganisha miamba iliyofungwa na ile inayovuliwa, milipuko ilitokea mara karibu nne zaidi kwenye ile inayovuliwa, kwa miamba ya kati ya pwani na bahari kuu.

Najua ninachokisema kinaumiza. Changu ndiye anayelipa ada ya skuli. Siwaambii muache kuvua changu. Nasema kwamba dema lenye matundu madogo linalochukua changu wa kiganja, na juya linalokokota, na kigumi kinachopiga mwamba ili samaki watoke, vyote hivyo vinawaondoa walinzi wa mwamba wakiwa bado watoto. Mvuvi wa kigumi anavunja tumbawe mara mbili, mara ya kwanza kwa mti wake, mara ya pili miaka mitatu baadaye kwa mwenye miba.

Kuhusu kuwatoa, kwa kuwa hilo ndilo vijana mlilotaka kusikia zaidi. Linawezekana, likifanywa mapema na mahali padogo. Miaka ya 2000 walipoongezeka kwenye miamba ya magharibi ya Unguja, Chumbe walianzisha mpango wa kuwatoa, na walinzi wa kisiwa kile, ambao wengi walikuwa wavuvi kama sisi, wakawa wanawaokota mmoja mmoja. Watafiti wakaja kuchunguza matokeo ya kazi ile, na ripoti yao ikatoka 2008. Chumbe ni padogo, pana mipaka, pana walinzi wa kila siku na pamefungwa tangu 1994. Hayo manne yakikosekana, habari ni nyingine. Japani, katika visiwa vya Okinawa, walilipa watu kwa kila mwenye miba waliyemleta. Kati ya 1970 na 1983 walitoa karibu milioni 13. Milioni 13, ndugu zangu. Na miamba ile ikaliwa vile vile, kwa sababu kazi ilitawanywa kila mahali, mkono ukafika pale palipokuwa rahisi kuokota, si pale palipokuwa na matumbawe ya kuokoa.

Mkimtoa, msimkatekate kwa panga mkamwacha majini. Wanyama wa jamii hii wana uwezo wa kuota tena sehemu iliyokatika, na hata asipoota, mkiwakata msimu wa kuzaa mnamwaga mayai. Zamani dawa zilizotumika zilikuwa kali na ghali. Sasa imejulikana kuwa siki ya kawaida ya jikoni, ikidungwa kwa sindano mwilini mwake, inamuua ndani ya saa 48. Watafiti wa Australia waliijaribu na kila aliyedungwa alikufa. Visiwa vya Pasifiki ya Kusini wamejaribu maji ya ndimu nayo yamefanya kazi. Ndimu zetu za Unguja zipo. Lakini hakuna kijana atakayeingia na sindano kabla ya kamati na watu wa hifadhi kukubali, maana Ghuba yetu hii ya Menai ni eneo la hifadhi tangu 1997, na pia kwa sababu mtu asiyejua anaweza kuua viti vya pweza visivyo na kosa lolote.

Niwape na habari ya mwamba uliorudi, kwa sababu upo. Moorea ni kisiwa cha Polinesia ya Ufaransa. Mwaka 2005 matumbawe hai yalifunika zaidi ya asilimia 40 ya mteremko wa nje wa mwamba wao. Wenye miba wakaingia, mwaka 2010 kikaongezeka kimbunga, na yakabaki chini ya asilimia 5. Mtu angesema basi. Lakini wakati mifupa imeota majani, pono waliongezeka mno. Pono wachanga walikuwa wanakulia ndani, kwenye maji ya kina kifupi nyuma ya mwamba, na walipokua wakatoka nje kwenda kula yale majani. Mawe yakabaki safi. Matumbawe machanga yakapata pa kushika, na haikupita miaka 10 mwamba ukajaa tena. Wangekuwa wamewavua pono wao wote, majani yangetawala, na kisiwa kile kingekuwa na hadithi nyingine.

Mnaona kwa nini nilisema weupe ule wa kwenye picha unatufikisha kwenye madema. Pono anayechukuliwa leo ni fundi wa ujenzi wa miaka mitano ijayo. Changu mchanga ni askari wa miaka miwili ijayo.

Pemba, Kisiwa Panza, wananchi wenyewe wamekuwa wakifunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza akue, kisha wanafungua pamoja, na kila mtu anaona kwa macho yake uzito ulivyoongezeka. Hapa Kizimkazi nanyi mnaijua kazi hiyo. Waliyafanya kwa ajili ya pweza, lakini mwamba uliofungwa kwa pweza umepumzika pia na mguu, na mti, na wavu. Ningependa kamati ifikirie sehemu moja ndogo isiyofunguliwa kabisa, pale penye matumbawe ya meza mengi, kwa sababu miezi mitatu inamtosha pweza, haimtoshi changu wala pono. Nimeshaona nyuso zilivyobadilika niliposema "kabisa". Ni haki yenu kukataa. Mimi naomba tu lizungumzwe na wanawake wakiwepo, maana mwamba wa maji kupwa ni wao, na wao ndio watakaokuwa wa kwanza kumwona mwenye miba akisogea kina kifupi.

Kingine hakina ubishi, na hakihitaji pesa nyingi. Kuhesabu. Siku hizi tunamjua mwenye miba kwa picha ya bahati. Nataka tumjue kwa daftari. Kila maji mafu, maji yakiwa yametulia na yanaonekana, watu wawili wanaogelea kwa miwani mstari ule ule, dakika zile zile, wanaandika: wameona wenye miba wangapi, wakubwa au wadogo, makovu meupe mangapi, vikande wangapi, pono wangapi. Wachokoaji wa pweza nao waseme walichokiona. Nani anajua kuandika amsaidie asiyejua. Mwaka mmoja wa daftari hilo utatuambia kama yule wa kwenye picha ni mpweke wa siku zote, au ni wa mbele katika msafara. Na tukiwaona wadogo wengi mapema, tuna muda wa kufanya kitu, wakati bado ni makumi, kabla hawajazaa.

Daftari la kwanza nimekuja nalo, liko kwa Bwana Sheha. Mbao za kuandikia chini ya maji ninazo nne, na penseli zake. Mwenye boti mmoja ameshajitolea, namshukuru, na mafuta tutachangiana. Tutaanzia pale pale ilipopigwa ile picha. Jumamosi, saa moja asubuhi, hapa bandarini. Nahitaji watu sita, na naomba wawili kati yao wawe wanawake wa pweza. Atakayekuja avae viatu vya soli ngumu, na aje na chupa ya chai ya moto. Tukirudi tutainywa, lakini akichomwa mtu, maji yake ndiyo dawa ya kwanza.